Methadoni, rehabu au arosto ya nyumbani: ulinganisho kwa familia za Mombasa

Ukiwa na kijana anayetumia unga, yaani heroini, Mombasa hutakosa washauri. Jirani atakwambia mfungie chumbani, arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, ikimalizika atakuwa mtu. Mjomba wake atasema apelekwe rehabu, tena mbali, asionane na wenzake wa maskani, kule wanakokutana kutumia. Mwenzako wa kwenye chama atakunong'oneza kwamba kuna dawa inanywewa Kisauni na haina malipo. Mwenye ndugu Ulaya atakutajia kidonge cha kuweka chini ya ulimi. Kila mmoja anamjua mtu aliyesimama tena kwa njia hiyo, na sidhani kama yupo anayekudanganya. Ila njia hizi hazina uzito mmoja, hazimfai kila mtu, na ukikosea mtu anaweza kufa.

Msimamo wangu niutoe mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya nani. Kwa mtu aliyetumia heroini kila siku kwa miaka, na hasa anayejidunga, methadoni, ile dawa ya kunywa ya Kisauni, ndiyo ya kufikiriwa kwanza. Hizo nyingine zina nafasi zake na nitazitaja kwa haki. Na kwa Mombasa, kinachowashinda wengi si dawa yenyewe bali ni njia ya kuifikia kila siku.

Kukaa na arosto nyumbani

Arosto ya heroini huanza baada ya muda wa saa 8 hadi 12 tangu kete ya mwisho, yaani kipimo cha mwisho cha unga. Huanza na miayo, machozi na makamasi. Kisha huja jasho pamoja na baridi, vinyweleo kusimama, tumbo kuchafuka, kuhara, na mifupa kuuma kiasi kwamba hata shuka inakera. Siku ya pili na ya tatu ndizo kali. Baada ya wiki moja hivi mwili hutulia, lakini usingizi haurudi upesi, na hamu ya unga hukaa wiki nyingi, pengine miezi.

Kwa mtu mzima mwenye afya, arosto hiyo peke yake huua mara chache. Hatari ya siku zile ni kuishiwa maji mwilini kwa kutapika na kuhara, kwa hiyo anayekaa nayo anywe maji na chumvichumvi za kuhara mfululizo, na awe na mtu wa kumtazama. Lakini wengi hapa hawatumii unga peke yake. Anayemeza bugizi, vidonge vya usingizi, au kunywa pombe kila siku akikatishwa ghafla anaweza kushikwa na kifafa na kufa. Huyo ni mtu wa hospitali, si wa kufungiwa. Mjamzito vilevile: arosto inaweza kumharibia mimba, na hapaswi kuachishwa kwa nguvu hata kama familia ina nia njema namna gani.

Hatari kubwa zaidi huja baada ya ushindi, na hili ndilo familia nyingi hazijaambiwa. Mwili uliozoea kete kadhaa kwa siku hupoteza mazoea hayo upesi. Mama anafungua mlango, mwanawe amenawiri, anakula, anacheka na wadogo zake. Kijana anatoka, anakutana na wenzake, anachukua kiasi kilekile alichokuwa akichukua mwezi uliopita. Kiasi hicho sasa kinamzima pumzi. Ndivyo wanavyokufa wengi wanaotoka jela, na ndivyo wanavyokufa wengine waliotoka kwenye mafungo ya nyumbani wakisifiwa na mtaa mzima.

Kwa hiyo njia hii, ambayo huonekana ya bure, naiweka mwisho. Inamfaa mtu aliyeanza majuzi, ambaye hajidungi, ambaye ana watu wa kukaa naye si siku ile ya arosto tu bali miezi inayofuata.

Rehabu

Rehabu ina kitu ambacho kliniki ya methadoni haina: inamtoa mtu kwenye maskani. Analala, anaamka kwa saa maalumu, anakula kwa wakati, anaswali au kusali, anakaa na watu waliopitia alikopita na kusikia mtu akisema waziwazi yale ambayo yeye hajawahi kuyasema kwao. Pwani imekuwa na vituo hivi kwa muda mrefu. Omari Project ya Malindi ilianza miaka ya 1990, wakati ambapo mzazi wa Pwani hakuwa na pa kwenda. Shirika la MEWA linafanya kazi hiyo Mombasa, na NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ina kituo chake Miritini.

Kwa anayetumia vitu vingi, rehabu ina nguvu ambayo methadoni haina. Methadoni hutibu uraibu wa dawa za jamii ya afyuni tu: heroini, mofini, kodeini na nduguze. Haigusi pombe, haigusi bangi, haigusi muguka. Kijana ambaye tatizo lake hasa ni pombe na bugizi, na unga huupata mara mojamoja, rehabu yenye daktari ndiyo mahali pake.

Udhaifu wake ni siku ya kutoka. Kukaa miezi 3 kwenye kituo ni jambo moja, kurudi kwenye uchochoro uleule bila kazi ni jambo jingine. Watu waliotibiwa kwa kuacha tu, bila dawa ya kuwashikilia, wengi wao hurudia, na wakirudia wanarudia wakiwa na mwili uliosahau. Kisha kuna gharama. Kwenye kituo cha binafsi, miezi 3 ni pesa ambayo familia nyingi za mitaa kama Likoni, Majengo au Bangladesh huipata kwa kuuza kitu. Nimesikia mara nyingi kiwanja kikitajwa, na mara nyingi zaidi dhahabu ya mama.

Ukiamua kwenda huko, uliza mambo manne kabla ya kutoa hata shilingi. Kituo kina kibali cha NACADA? Siku za arosto mgonjwa anaangaliwa na nani, na je, ana taaluma ya tiba? Mgonjwa aliye kwenye methadoni, dawa za HIV au za kifua kikuu anaruhusiwa kuendelea nazo? Akitoka, nani atakuwa naye wiki ya kwanza? Na ukiona mnyororo, au mtu amepigwa, mchukue mwanao uondoke naye siku hiyohiyo.

Methadoni

Methadoni ni ya jamii moja na heroini, na hilo halifichwi. Tofauti ni namna inavyofanya kazi. Heroini hupanda kwa kasi na kushuka ndani ya saa chache, ndiyo maana mtumiaji huitafuta mara 3 au 4 kwa siku, na kila anapoitafuta yuko tayari kuiba, kujiuza au kukopa sindano ya mwenzake. Methadoni hunywewa, hupanda taratibu, na hukaa mwilini zaidi ya siku nzima. Ikifika dozi inayomtosha, arosto haiji, hamu inapungua, na hata akichukua kete juu yake haioni kama zamani. Ilianza kutumiwa kwa kazi hii New York katika miaka ya 1960, na tangu 2005 Shirika la Afya Duniani limeiweka kwenye orodha ya dawa muhimu.

Kwenye dirisha la kliniki linalotolea dawa mambo huwa hivi. Mgonjwa anajitambulisha, kumbukumbu zake zinatafutwa. Anayetoa dawa anamtazama: macho, namna anavyosimama, kama ananuka pombe. Akiwa amelewa, dozi huahirishwa au hupunguzwa, kwa sababu methadoni juu ya pombe au bugizi inaweza kumuua. Akiwa sawa, dawa ya maji inapimwa kwenye kikombe, anakunywa palepale, anashushia maji, anasema neno moja mbili ili ijulikane kwamba amemeza. Basi. Ni kazi ya dakika chache. Kinachokula muda ni foleni na njia.

Dozi huanza chini, miligramu 20 hadi 30, na hupandishwa polepole. Wengi hutulia kati ya 60 na 120. Wiki 2 za mwanzo ndizo za kuangaliwa zaidi ya zote. Dawa hujikusanya mwilini siku hadi siku, na mgonjwa anayeona bado haijamtosha akaongeza kete au bugizi kwa siri anaweza kulala asiamke. Mwambie mwanao ukweli huu bila kumtisha, na umwambie vilevile kwamba kama haimtoshi amwambie daktari, kwa sababu dozi ndogo kupita kiasi ndiyo inayowarudisha wengi maskani. Kuna kliniki duniani zinazojisifu kwa dozi za chini. Si sifa.

Maneno yanayosemwa mtaani nayajua, na ninayaheshimu kwa sababu yanatoka kwa watu waliochoka kudanganywa. "Wamembadilishia unga kwa unga mwingine." Nilimsikia shangazi mmoja akimwambia mpwawe hivyo mbele ya wageni: "Wewe si ulisema umeacha? Mbona kila asubuhi waenda kunywa?" Kijana akamjibu taratibu, "Shangazi, naenda kule ndiyo maana siendi maskani." Alikuwa amevaa ovaroli ya kazi. Hakuwa na haja ya kuongeza neno.

Lakini tusishikilie mfano wa mtu mmoja. Mwaka 2017 jarida la BMJ lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi uliohusu watu zaidi ya 120,000 waliotibiwa kwa methadoni katika nchi mbalimbali, nyingi zikiwa tajiri. Wakiwa kwenye tiba, walikufa watu 11.3 kwa kila 1,000 kwa mwaka. Wakiwa wametoka kwenye tiba, walikufa 36.1. Ni zaidi ya mara 3. Na wiki 4 za kwanza baada ya kuacha dawa zilionekana kuwa za hatari kupita zinazofuata. Ukisoma nambari hizo kama mzazi, swali la "ataacha lini hii dawa?" linabadilika. Hakuna tarehe. Wapo wanaokaa mwaka, wapo wanaokaa miaka mingi, na anayetaka kutoka hupunguziwa kidogokidogo kwa miezi, akiwa na kazi au shughuli na watu wa kumshika. Anayelazimishwa kutoka kwa sababu familia inaona aibu, anatolewa kwenye kinga.

Kuna upande wa sindano pia. Mwanzoni mwa muongo uliopita makadirio ya Kenya yaliweka maambukizi ya HIV kati ya wanaojidunga karibu asilimia 18, mara 3 ya kiwango cha taifa. Asiyejidunga hana sindano ya kuazima. Na kwa kuwa mgonjwa huja kila siku, kliniki hupata nafasi ya kumpima na kumpa dawa za HIV, za kifua kikuu na za homa ya ini mahali pamoja. Hapo kuna jambo la kukumbuka: rifampisini ya kifua kikuu hushusha methadoni mwilini, na mgonjwa huanza kuhisi arosto ilhali dozi ni ileile. Baadhi ya dawa za kifafa, na zile za HIV za zamani kama efavirenzi, hufanya hivyohivyo. Asiseme dawa imechakaa. Aseme ameanza dawa gani nyingine, na dozi itarekebishwa.

Mjamzito anayetumia heroini, methadoni ni ya kwake waziwazi. Mtoto anaweza kuzaliwa na arosto, inayotibika hospitalini, na mama aliye kwenye dozi yake bila unga juu yake huhimizwa kunyonyesha. Wanawake wengi wa hapa hawafiki dirishani kwa sababu ya kuogopa kuonekana: na wakwe, na mume, na shule ya watoto. Huyu ndiye mtu wa kusindikizwa na dada au rafiki mpaka mlangoni.

Isichofanya methadoni ni hiki: haimpi mtu kazi, haimrudishii mke, haimfundishi kukaa na majonzi bila kulewa. Inampa utulivu wa kuyashughulikia hayo. Kinywa hukauka na meno huharibika akiyapuuza, choo huwa kigumu, jasho huongezeka. Mwenye matatizo ya moyo amwambie daktari kabla ya kuanza.

Buprenofini, kidonge cha chini ya ulimi

Hii nayo iko kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2005, na kwa usalama inaipita methadoni: athari yake ina kikomo, kwa hiyo ni vigumu zaidi kumzima mtu pumzi, na wengine huweza kuitumia siku moja na kuruka siku inayofuata. Katika uchambuzi ule wa 2017 vifo vilikuwa 4.3 kwa kila 1,000 kwa mwaka ndani ya tiba na 9.5 nje yake. Ila methadoni huwashika watu kwenye tiba kwa muda mrefu zaidi, hasa waliotumia sana. Na buprenofini ina sharti: mgonjwa lazima awe ameanza arosto ndipo aiweke ulimini. Akiiwahi, itamsukuma kwenye arosto kali kwa dakika chache, na hatataka kuisikia tena.

Kwa Mombasa, dawa kuu ya mpango wa serikali ni methadoni, kwa hiyo kwa familia nyingi hili si chaguo la leo. Mwenye kazi ya kusafiri, au mwenye ugonjwa wa moyo usioruhusu methadoni, aiulizie kliniki. Naltreksoni, ile inayozuia unga usifanye kazi kabisa, huhitaji mtu awe msafi siku 7 hadi 10 kwanza, na wengi huacha kuimeza. Ni ya wachache wenye nia kali na msimamizi wa karibu.

Umbali

Sasa nifike kwenye kinachoniuma. Kenya ilianza kutoa methadoni katika hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014. Malindi ikafuata 2015, kisha Kisauni hapa Mombasa na Kombani kule Kwale, na baadaye huduma ikaingia gereza la Shimo la Tewa. Jirani zetu wa Dar es Salaam walitangulia, hospitali ya Muhimbili ikaanza 2011. Waliokuwa hapa wakati unga ulipoadimika Pwani, mwishoni mwa 2010 na mwanzoni mwa 2011, wanakumbuka mji uliokuwa na mamia ya watu kwenye arosto bila pa kuwapeleka. Tumetoka mbali, na waliofanya kazi hiyo wanastahili heshima.

Lakini chukua mtu anayeishi Mtongwe na kliniki yake ni Kisauni. Anapanda matatu hadi feri. Anasubiri, anavuka, anaupanda ule mlima wa kutokea kivukoni akiwa katikati ya umati, anatafuta gari la mjini, kisha jingine la kupita daraja la Nyali. Feri kwa miguu ni bure, matatu si bure. Anakunywa dawa kwa dakika chache, anaanza kurudi. Kesho tena. Jumapili tena. Idi tena, Krismasi tena. Anayeishi karibu na Ukunda ana Kombani, na wa Likoni wanaweza kuelekea huko badala ya kuvuka, na mara nyingi ni afadhali. Bado ni nauli ya kwenda na kurudi kwa mtu ambaye kibarua chake huanza alfajiri Kongowea au bandarini, na ambaye akichelewa nafasi imechukuliwa.

Akikosa dozi siku 3 mfululizo, kwa kawaida lazima aonwe upya na dozi ishushwe. Akikosa 5 au zaidi, huanzishwa karibu upya. Hii si adhabu, ni kumlinda. Ila hesabu yake inamwangukia maskini: aliyekosa nauli siku 5 anarudishwa kwenye miligramu 30, zisizomtosha, na unga uko umbali wa vichochoro viwili.

Kwa hiyo kupanua huduma nako kuna machaguo, na mwananchi anayeuliza maswali kwenye mikutano ya bajeti ya kaunti afaa ayajue.

Kliniki nzima mpya, yenye daktari, maabara, washauri na hifadhi ya dawa zenye ulinzi, ndiyo bora, na ndiyo ghali na ya polepole. Dirisha la kunywea tu, ndani ya zahanati iliyopo, ni nafuu zaidi: mgonjwa huanzishiwa kliniki kuu, dozi ikitulia anahamishiwa kunywa karibu na kwao, na hurudi kliniki kuu mara kwa mara kuonwa. Gari la dawa linalosimama sehemu maalumu kwa saa maalumu limefanya kazi Lisbon kwa miaka mingi, lakini gari huharibika, na likiharibika watu wote wa njia ile wako kwenye arosto kesho yake. Dozi za kwenda nazo nyumbani, kwa mgonjwa aliyetulia, ndizo zinazompa mtu maisha yake; wakati wa korona mwaka 2020 nchi nyingi zililegeza masharti zikatoa dozi za siku kadhaa. Hatari yake ni wizi, kuuzwa, na watoto. Kiasi cha kawaida cha mtu mzima kinaweza kumuua mtoto aliyedhani ni sharubati, kwa hiyo chupa hiyo hukaa kwenye sanduku la kufuli, si juu ya kabati.

Nikiulizwa nichague moja kwa ajili ya Mombasa, nachagua dirisha ndani ya zahanati, na la kwanza liwe upande wa Likoni. Halihitaji jengo jipya. Linahitaji sefu, mfamasia, mlinzi, na majirani walioelezwa mapema. Dozi za nyumbani ziende sambamba, kwa waliotulia, wenye kazi, wenye mahali pa kufungia.

Saa za kufunguliwa ni sehemu ya huduma pia. Kila Ramadhani swali hilohilo hurudi: mgonjwa anataka kufunga, dirisha liko mchana. Qurani imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na shekhe yeyote atakwambia hivyo. Lakini kijana aliyekaa miaka nje ya msikiti, anayetamani kufuturu na baba yake akiwa amefunga kama yeye, ombi lake si dogo. Kwa dawa inayokaa mwilini zaidi ya siku nzima, daktari anaweza kumhamisha polepole kutoka asubuhi hadi baada ya magharibi. Kinachotakiwa ni dirisha lililo wazi saa hiyo kwa mwezi mmoja.

Na pesa. Mpango huu umesimama kwa sehemu kubwa juu ya fedha za wafadhili, za Marekani zikiwa mbele. Januari 2025 Washington iliposimamisha misaada ya nje, kila mtu aliona ni hatari namna gani dawa ya kila siku kutegemea uamuzi unaofanywa mbali na hapa. Dawa hii haivumilii pengo la wiki. Kaunti na serikali kuu ziiweke kwenye bajeti zao, dawa na mishahara, kama zinavyofanya kwa chanjo.

Ukiwa unachagua wiki hii

Ametumia kila siku zaidi ya mwaka, au anajidunga, au ameshajaribu kuacha akarudia: methadoni. Usianzie kliniki peke yako ukarudishwa. Anzia kwa mashirika yanayofanya kazi na watumiaji mitaani, kama Reachout au MEWA, kwa sababu wao ndio humwandaa mgonjwa kwa mazungumzo na kumpeleka kliniki na barua. Waelimishaji rika wao wengi wamepitia hukohuko, na kijana wako atawasikiliza kabla hajakusikiliza wewe. Panga nauli ya mwezi wa kwanza kama unavyopanga kodi ya nyumba. Usimpe mkononi ya wiki nzima; mpe ya siku, au mkodie mtu wa boda anayemjua.

Anatumia pombe, bugizi na vingine zaidi ya unga: rehabu yenye daktari, na akiwa anatumia unga pia kila siku, tafuta iliyo tayari kushirikiana na kliniki ya methadoni. Vitu hivi viwili havigombani.

Ni mjamzito: methadoni, leo, na kliniki ya wajawazito siku hiyohiyo.

Ana umri chini ya miaka 18, au ameanza miezi michache iliyopita, anavuta tu: anza na ushauri nasaha na familia iliyo karibu, na daktari wa akili wa hospitali ya Port Reitz kama kuna dalili nyingine.

Amekamatwa na yuko rumande akiwa kwenye dawa: peleka kadi yake ya kliniki na umwambie afisa wa afya wa gereza mapema, kabla ya siku ya tatu.

Na yeyote utakayemchagulia njia yoyote, jueni nyumbani dalili za aliyezidiwa: haamki ukimwita na kumsugua kifua kwa ngumi, midomo imebadilika rangi, pumzi ni moja moja au ni mkoromo wa ajabu. Usimmwagie maji, usimpe maziwa. Mpulizie pumzi mdomoni, akianza kupumua mlaze ubavu, mwite mtu mwenye gari. Dawa iitwayo naloksoni humrudisha ndani ya dakika chache, na mashirika niliyoyataja ndio wa kuwauliza namna ya kuipata na kuitumia. Akizinduka msimwache. Naloksoni huisha mwilini mapema kuliko methadoni, na anaweza kuzama tena akiwa anaonekana amelala tu, kwa hiyo afikishwe hospitali hata kama anakataa na kusema yuko sawa.